Rubani akiwa ardhini: Mapumziko ya safarini kutoka Diani hadi Kinango

NDEGE kubwa kutoka Ulaya inapotua katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, watalii hupokewa kwa mabango na kuelekezwa kwenye mabasi ya hoteli. Muda mfupi baadaye kundi jingine dogo, lenye sare na masanduku ya magurudumu, hutoka na kupanda gari lake. Hao ni marubani na wahudumu walioileta ndege hiyo. Ndege yenyewe hailali. Ikishatiwa mafuta na kusafishwa, aghalabu hurudi ilikotoka ikiwa mikononi mwa kikosi kingine kilichotangulia kufika na kupumzika. Waliotua leo watabaki Pwani siku moja, mbili au tatu, na katika enzi ya ndege za kukodi zilizokuja mara moja kwa juma, hata siku saba, wakingoja zamu yao.

Muda huo kati ya kutua na kuruka tena ndio mapumziko ya safarini. Wakazi wa Diani, Ukunda na Msambweni, ambao wamewaona wageni wa aina hiyo kwa miongo kadhaa, huwachukulia wengi wao kuwa watalii wenye bahati: wanalala katika hoteli ya kifahari, wanalipiwa chakula, na mshahara unaingia. Dhana hiyo si ya uongo wote, lakini imeacha nje jambo kuu. Saa hizo ni sehemu ya kazi yenyewe. Abiria atakayepanda usiku, akafunga mkanda na kusinzia, ameyakabidhi maisha yake kwa mtu ambaye uangalifu wake umetegemea alivyoshinda mchana kutwa: alilala au hakulala, alikunywa nini, alipiga mbizi wapi, na alikwenda mbali kiasi gani na uwanja wa ndege.

Msingi wa mapumziko haya ni sheria, wala si ukarimu wa mashirika. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) huitaka kila nchi mwanachama iweke mipaka ya saa za kuruka, saa za kuwa kazini na saa za kupumzika. Nchini Kenya jukumu hilo ni la Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA). Katika kanuni za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika mwaka 2016, rubani aliye mbali na kituo chake hana budi kupumzika kwa muda usiopungua ule aliokuwa kazini, au saa 10, ikitegemea upi ni mrefu zaidi. Ndani ya muda huo lazima apate nafasi ya kulala saa 8, mbali na dakika za kusafiri hadi hotelini, kuoga na kula. Safari ya kutoka Frankfurt hadi Mombasa huchukua zaidi ya saa 8 angani. Ukiongeza matayarisho ya kabla ya kuruka na kazi za baada ya kutua, ni wazi kwamba kikosi kilichoileta ndege hakiwezi kuirudisha siku iyo hiyo.

Pwani ya Waswahili haikuanza jana kuwahifadhi mabaharia wanaosubiri. Manahodha wa majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi walifika na pepo za kaskazi, wakauza tende na mazulia, kisha wakakaa Mombasa, Wasini na Vanga kwa miezi hadi kusi ilipovuma na kuwarudisha makwao. Wengine walioa, wengine waliacha jamaa ambazo zingali zipo. Ndege zilipokuja zilikuta desturi hiyo tayari. Mwaka 1937 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza kuzipitisha ndege zake za kutua majini kuelekea Durban kwa kufuata Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndege hizo hazikuruka usiku kucha kama za leo. Giza likiingia, abiria na marubani walishuka pamoja, wakalala ardhini na kuendelea asubuhi. Rubani wa zama hizo alisafiri na abiria wake kwa siku kadhaa, akala nao meza moja. Ilikuwa ni injini za jeti, zilizofupisha safari ya siku nyingi ikawa ya saa chache, zilizowatenganisha: abiria akaenda zake, rubani akabaki katika chumba cha hoteli na ratiba yake.

Na kitu cha kwanza anachokitafuta katika chumba hicho ni giza. Ndege nyingi kati ya Ulaya na Mombasa huvuka Sahara usiku, hivyo kikosi hufika kikiwa kimekesha wakati jua la Diani linapanda. Pazia zito, kibandiko cha kuwazuia wasafishaji wasibishe hodi, na chumba kilicho mbali na kidimbwi cha kuogelea na ngoma za jioni ni mambo ambayo mashirika huyaandika katika mikataba yao na hoteli. Wenye uzoefu hawalali mchana kutwa. Hulala saa chache, wakaamka alasiri, wakatembea juani, kisha wakalala tena usiku pamoja na wenyeji, ili mwili uushike mwendo wa mahali.

Hapo Mombasa ina nafuu ambayo vituo vingine havina. Kwa kuwa safari ni ya kaskazini kwenda kusini, tofauti ya saa kati ya Ujerumani na Kenya ni saa 2 tu majira ya baridi ya Ulaya, na saa 1 majira ya joto. Mwili hauchanganyikiwi sana. Linganisha na marubani wa Kenya Airways waliokwenda New York tangu safari hizo zilipozinduliwa Oktoba 2018: saa zipatazo 15 angani, marubani 4 wakipokezana, na kisha mji ulio nyuma ya Nairobi kwa saa 7 au 8. Huko rubani huamka usiku wa manane akiwa na njaa ya kiamsha kinywa. Baadhi yao hukataa kabisa kuigeuza saa ya mkononi. Hula na kulala kwa saa za nyumbani hadi wanaporudi.

Katika jambo hili la saa, wageni wa Pwani wana tatizo lao la pekee. Rubani huishi kwa saa za Greenwich, ambazo ndizo zinazotumika katika ratiba na mawasiliano yote ya anga. Hoteli hutumia saa za Afrika Mashariki. Dereva wa teksi wa Ukunda huhesabu tangu macheo. Saa moja asubuhi ya dereva ni saa saba katika karatasi ya hoteli, na ni saa nne katika daftari la rubani. Si ajabu basi kwamba makarani wa mapokezi huandika muda wa gari kwa tarakimu na kuusoma mara mbili.

Uzito wa usingizi huo ulidhihirika katika ajali mbili. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, watu 50 wakafa. Sababu kuu ilikuwa jinsi kapteni alivyokosea kuitikia onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea. Lakini wachunguzi waligundua pia kwamba alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani Newark, na kwamba msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi ili afike kazini. Wakasema uchovu huenda uliwadhoofisha. Marekani ilibadilisha kanuni zake, na tangu mwaka 2014 rubani wa abiria lazima apate mapumziko ya saa 10 zenye nafasi ya kulala saa 8 bila kukatizwa. Ajali ya pili ilitokea Mei 22, 2010, huko Mangalore, India, ambapo ndege ya Air India Express kutoka Dubai ilipita mwisho wa njia ya kutulia na kuwaua watu 158. Kinasa sauti kilionyesha kuwa kapteni alikuwa amelala usingizi kwa muda mrefu wa safari, na wachunguzi wakataja ule ulevi wa usingizi unaomkumba mtu aliyeamka ghafla miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Akishalala vya kutosha, rubani huwa na mchana mzima mbele yake. Wengi hukimbia ufuoni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, huinua vyuma katika ukumbi wa mazoezi, husoma. Kusoma kwenyewe mara nyingi ni kwa kazi, kwani kila miezi 6 hivi rubani hutahiniwa katika chombo cha kuigiza urukaji, na vitabu vya mitambo havisameheki. Wengine huketi kibarazani kuwatazama mbega wanaovuka barabara ya Diani kwa ngazi za kamba zilizotundikwa juu na shirika la kuwahifadhi wanyama hao. Vijana wa ufuoni huwatambua upesi: hawanunui vinyago, na hujua bei ya nazi kuliko mtalii wa siku tatu.

Lakini bahari iliyo mbele yao imejaa makatazo. Kusini, ng'ambo ya Shimoni na Wasini, iko Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, mojawapo ya mahali pazuri mno pa kupiga mbizi katika pwani yetu. Rubani anaweza kuogelea juu ya matumbawe kwa miwani na mrija apendavyo. Kuzama na mtungi wa hewa ni jambo jingine. Mtu akivuta hewa chini ya kina cha bahari, naitrojeni huingia katika damu na tishu kwa wingi kuliko kawaida, nayo huhitaji muda ili itoke. Akipanda angani kabla haijatoka, ambako hewa ya ndani ya ndege ni kama ya mlima wa mita 2,000 au zaidi, gesi hiyo hufanya mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa. Matokeo yake ni maumivu makali ya viungo, kizunguzungu, hata kupooza. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Ulaya hutaja saa 24 kuwa muda wa chini kati ya kupiga mbizi kwa kawaida na kurejea kazini. Muda huo huo ndio unaotajwa kwa aliyetoa damu. Rubani mwenye mapumziko ya siku moja hana ruhusa ya kuzama. Mwenye siku tatu huzama siku ya kwanza tu, iwapo hana usingizi.

Michezo ya tiara, ambayo upepo wa Galu umeifanya kuwa maarufu, haikatazwi, ila kidole kilichovunjika kinatosha kumfanya mtu arudi nyumbani akiwa abiria, na kikosi kizima kuanza kutafutiwa mbadala.

Kuhusu pombe, kanuni ya chini katika nchi nyingi ni saa 8 kati ya glasi ya mwisho na kuripoti kazini, na mashirika mengi hudai 12 au zaidi. Kipimo cha damu nacho ni kidogo sana: Ulaya ni gramu 0.2 kwa lita, chini ya kinachoruhusiwa kwa madereva wa magari katika nchi nyingi. Hapa mnazi una hatari yake. Mnazi uliogemwa asubuhi ni mtamu na mwepisi. Uliokaa hadi jioni ni mkali, na nguvu yake haikuandikwa kwenye chupa yoyote. Mgeni anayekaribishwa kata moja chini ya mnazi hawezi kujua amekunywa kiasi gani. Wazoefu hushukuru kwa heshima na kuomba dafu.

Mbu hana heshima ya kukataa. Kaunti ya Kwale ni eneo la malaria mwaka mzima, na rubani wa Ulaya hana kinga ya mwili ambayo mkazi mzima wa Kinango au Msambweni huipata kwa kuumwa tangu utotoni. Ugonjwa hauonekani papo hapo. Huchukua kiasi cha juma moja au zaidi, hivyo homa humpata akiwa Berlin au Milan, mbele ya daktari ambaye huenda asifikirie malaria ila akiambiwa. Tena si kila kinga inamfaa: mefloquine, iliyotumiwa na watalii kwa miaka mingi, hairuhusiwi kwa marubani kwa kuwa huweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili. Vijana wa kikosi huelezwa hayo mapema. Chandarua, mikono mirefu magharibi inapoingia, na dawa za kinga zinazokubalika kwa kazi yao ni sehemu ya mzigo kama vile leseni.

Upande wa bara kuna kivutio cha aina nyingine. Barabara ya kutoka Ukunda hupanda hadi mji wa Kwale na Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa rasmi mwaka 1968, ambamo wamo palahala wa mwisho nchini Kenya. Nyuma yake iko Mwaluganje, hifadhi ya ndovu iliyoanzishwa katika miaka ya 1990 juu ya mashamba ya wanavijiji, ambao walikubali kuacha kulima ili wagawane mapato ya wageni. Huko karatasi hutengenezwa kwa kinyesi cha ndovu. Baada ya hapo misitu huisha, miti inakuwa ya miiba, na ndipo mgeni anapoingia Kinango, nchi ya Waduruma na ng'ombe wao, ambako mvua ikikosa misimu miwili watu huanza kuhesabu vibuyu vya maji. Ni mwendo wa nusu siku kutoka hoteli za ufuoni, kwenda na kurudi. Ni dunia nyingine.

Je, rubani anaweza kwenda huko? Hakuna sheria inayomkataza. Ila hutakiwa apatikane kwa simu, maana ratiba hubadilika, na hutakiwa arudi akiwa amepumzika. Mwenye siku mbili za ziada huenda na kurudi kabla ya jua kutua. Mwenye usiku mmoja hathubutu.

Kinango iliingia katika hesabu za wasafiri kwa sababu nyingine pia. Uwanja wa ndege uko Mombasa bara, upande wa magharibi wa kisiwa. Hoteli za Diani ziko kusini. Na kati yao kuna mlango wa bahari wa Kilindini. Kwa miaka mingi njia ya kawaida ilikuwa feri ya Likoni, ambayo hubeba maelfu kwa maelfu ya watu kila siku, na ambayo jina lake halitajwi bila kukumbuka kivuko jirani cha Mtongwe, ambako watu 272 walikufa Aprili 29, 1994. Feri ikiharibika, foleni ilirefuka. Aliyekuwa na ndege ya kuwahi, kama hakuwa tayari kuvuka kwa miguu na masanduku, alikuwa na njia moja ya nchi kavu: kupanda Kwale, kushuka Kinango, kutokea Mariakani katika barabara kuu ya Nairobi, kisha kurudi Mombasa. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika.

Mtu anaweza kuona jinsi hali hiyo ilivyogongana na hesabu ya saa za mapumziko. Usingizi wa saa 8 ulioandikwa katika kanuni hauhesabu foleni ya Likoni kuwa ni kulala. Ndege ikiondoka usiku, gari la kikosi lilipaswa kutoka Diani mapema mno, na dakika hizo zilitoka katika usingizi wa alasiri. Ndiyo maana baadhi ya mashirika yalipendelea kuwalaza watu wao kaskazini, Nyali, Bamburi au Shanzu, ambako hakuna feri ya kuvuka, na kuwaachia watalii Diani. Barabara ya Dongo Kundu ilipokamilika mwaka 2024, na daraja lake la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, uwanja na Pwani Kusini viliunganishwa kwa lami bila kugusa feri wala Kinango.

Mara kadhaa vikosi hivi vimetoweka kabisa. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii wa kusini. Novemba 28, 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa saa iyo hiyo ambayo makombora mawili yalirushwa kuelekea ndege ya shirika la Arkia la Israeli iliyokuwa ikipaa kutoka Mombasa. Makombora hayakuipata, lakini watu waliokuwa hotelini waliangamia. Mei 2014 kampuni za Uingereza ziliwaondoa watalii wao na kusitisha safari. Tangu wakati huo usalama wa hoteli umekuwa suala zito katika mikataba, hasa baada ya Novemba 2015, ambapo hoteli iliyovamiwa mjini Bamako, Mali, ilikuwa na wafanyakazi 12 wa Air France waliookolewa wakiwa hai. Kisha likaja gonjwa la corona. Safari za kimataifa za abiria zilisitishwa Machi 2020 na kurejea Agosti 1 mwaka huo, na katika nchi nyingi marubani wakawa hawaruhusiwi kutoka chumbani: chakula mlangoni, dirisha lisilofunguka, na ufuo wa kutazamwa tu.

Upweke haukuanza na corona hata hivyo. Rubani hukosa harusi, mazishi na sikukuu, na wenzake wa safari hubadilika karibu kila mara. Anaweza kula chakula cha jioni na kapteni asiyemjua, wakazungumza hadi usiku, na wasionane tena kwa miaka miwili. Simu za intaneti zimepunguza makali. Zimeleta na kero mpya: nyumba yenye ugomvi sasa humfuata mtu hadi kitandani saa ambayo anapaswa kulala.

Liko pia kundi ambalo hoteli za ufuoni hazilijui. Hawa ni marubani wa ndege ndogo zinazoruka kutoka kiwanja cha Ukunda, ambacho njia yake fupi haipokei ndege kubwa za Ulaya, kwenda Maasai Mara, Tsavo na Amboseli. Kusubiri kwao si kwa siku bali kwa saa. Hutua asubuhi katika kiwanja cha nyasi, huwashusha wageni, huzunguka njia kuhakikisha hakuna nyumbu wala ngiri, kisha huketi chini ya bawa, ambako ndiko kwenye kivuli, wakila walichofungiwa nyumbani na kuongea na madereva wa magari ya watalii. Hawana chumba wala pazia. Lazima warejee kabla ya jua kutua kwa kuwa viwanja vingi vya mbugani havina taa. Katika daftari la kazi, saa hizo za chini ya bawa huandikwa kuwa za kazini, sawa na zile za angani.